Mkono wa Mama Denise

Oaxaca, Meksiko
4 Septemba 2011

Mpendwa Mama Denise,

Salamu kutoka nchi ambako watu wanatia pilipili hata kwenye embe. Nimefika salama. Ulinikataza kukuandikia kwa barua pepe, ati Denise huzisoma kwanza halafu anakufasiria nusu kwa Kiingereza, nusu kwa Kizulu, na wewe unabaki na salamu peke yake. Basi hii hapa karatasi na stempu, na picha nne ndani, pamoja na nakala ya ile niliyokupiga wewe.

Nakaa kijiji cha milimani, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka mjini, nyumbani kwa mganga anayeitwa Doña Eulalia. "Doña" ni heshima tu, kama mimi ninavyokuita Mama Denise badala ya Pascasie. Ana miaka sabini, mfupi, mkali. Asubuhi anauza nyanya sokoni, jioni anatibu. Nilipomwona nilicheka peke yangu. Nimeacha kazi ya benki kule Marshalltown, Johannesburg, nimevuka bahari na kamera shingoni, kumbe nimekuja kukutana na wewe tena, ila huyu anasema Kihispania.

Dawa yake kubwa ni yai. Anachukua yai bichi la kuku na kumpitishia mgonjwa mwili mzima, kuanzia utosini mpaka nyayoni, huku akisali Baba Yetu. Kisha anampigapiga kwa fungu la mrihani. Mwisho analivunja yai ndani ya glasi ya maji, anaiinua kwenye mwanga na kusoma kilichomo. Pembeni kuna ubani, mishumaa na sanamu ya Bikira Maria. Wewe una mafuta yako, rozari na maji ya baraka. Mngeelewana bila mkalimani.

Picha ya kwanza ni Don Hilario na goti lake. Ya pili ni Rosa, ambaye halali tangu mumewe avuke mpaka kwenda Marekani. Ya tatu ni Lupita, mtoto aliyepigwa na jicho la husuda. Ya nne ni Doña mwenyewe na yai.

Lile bega ulilonikanda kabla sijaondoka limepona kabisa. Sijui ulifanya nini.

Wako,
Lynette Bosibori

*

Rosettenville, Johannesburg
25 Septemba 2011

(Hii sikuituma. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia.)

Lynette mwanangu,

Bega lako halikuwa na shida. Lilikuwa limechoka kubeba kamera, basi. Ila nilipokuwa nalikanda mkono wangu ulishuka kwapani, ukapita ubavuni mwa titi la kushoto, ukakuta kitu. Ukubwa wa harage. Kigumu. Kinachokimbia kidole huwa hakinitishi. Hicho hakikukimbia.

Ulisikia nimenyamaza. Ukauliza, "Mama, mbona kimya?" Nikakujibu nasali. Nilidanganya, tena kwa jina la Mungu.

Nilikuambia nilihama Doornfontein kwa sababu chumba kilikuwa na unyevu. Si kweli. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na Célestine, Mrundi mwenzangu, na dada yake. Dada yule alinijia na maumivu ya tumbo, nikamkanda, mkono ukakuta kitu, nikamwambia palepale bila kuzunguka. Baada ya miezi minne akafa. Célestine akasimama kwenye ngazi za ghorofa na kupiga kelele kwamba mimi ndiye niliyeuweka ugonjwa ule, ndiyo maana nilijua ulipo. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayeutaja ugonjwa kabla ya daktari, watu huuliza ameujuaje. Ulikuwa mwaka 2008, mwaka ambao mgeni alikuwa anakimbizwa hata bila kuitwa mchawi. Nikamshika Denise mkono, tukatoka na sufuria moja.

Tangu hapo nilijiwekea sheria: mkono ukikuta kitu, mdomo ukae kimya mpaka mwenye mwili aulize.

Na kuna sababu nyingine, hii ya aibu. Uliniambia mikono yangu ndiyo itakayofungua kitabu chako cha picha. Ungeenda hospitali, usingesafiri. Usingesafiri, kitabu kisingekuwepo. Mimi pia nilikitaka kitabu.

Kesho nitaandika nyingine.

*

Rosettenville
26 Septemba 2011

Lynette mwanangu,

Barua imefika, picha zote nne nzima. Huyo Doña wako nampenda. Ana uso wa mtu asiyedanganywa bei ya nyanya.

Lakini mimi na wewe tuna kesi. Umenitumia na nakala ya picha uliyonipiga mimi, nashukuru, sasa kichwa changu kiko wapi? Mikono ipo, chupa ya mafuta ipo, mguu wa mgonjwa upo. Kichwa umekikata kama cha kuku wa Krismasi! Denise anasema eti ndiyo sanaa. "Ma, it's art." Mimi nilisuka nywele siku ile kwa ajili yako.

Parokiani mabibi wa Kireno wanakuulizia. Wananunua parachichi zangu baada ya misa na kuuliza, "Yule binti wa picha yuko wapi?" Nimewaambia umeenda kumpiga picha Bikira wa watu wengine.

Ukipata nafasi huko, pitia kwa daktari akuangalie. Safari huchosha mwili. Ni hayo tu.

Mama Denise

*

Oaxaca
30 Oktoba 2011

Mpendwa Mama Denise,

Pole kwa kichwa. Nikirudi nitakupiga nywele peke yake, ukuta mzima.

Nimepata picha ambayo nilikuwa naitafuta bila kujua. Ndani ya kanisa la kijiji, nyuma ya sanamu ya Bikira, kuna ukuta wa wagonjwa. Gauni la Bikira lenyewe limejaa vibati vidogo vilivyokatwa umbo la viungo. Mwenye goti bovu anabandika goti la bati, mwenye macho anabandika macho mawili madogo. Nyuma yake, ukutani, ni picha za watu. Mamia kwa mamia. Za harusi, za vitambulisho, za watoto wa shule, zimebanwa kwa pini mpaka chokaa haionekani. Unabandika picha ya mgonjwa ili Bikira asimsahau sura. Ukipona unarudi mwenyewe, kwa miguu yako, kuweka shukrani. Nilisimama pale nusu saa nzima bila kupiga hata picha moja. Mimi, ambaye hupiga hata sahani kabla ya kula.

Kazi ya Doña inaendelea. Don Hilario sasa anapanda kilima. Rosa alilala siku tatu mfululizo, halafu mumewe akapiga simu na usingizi ukamkimbia tena kwa furaha. Kuna mwanamke mmoja alikuja juzi, akapitishiwa yai, na lilipovunjwa mlikuwa na uzi mwekundu ndani ya maji. Doña aliutazama muda mrefu. Yule mwanamke akarudi zake kulala.

Umeniambia nipitie kwa daktari. Mimi mzima, usijali. Unajua sipendani na hospitali. Mama yangu aliingia hospitali kule Kisii akitembea, na mkoba wake mkononi. Alitoka amebebwa. Mkoba ndio niliorudishiwa.

Nakutumia picha sita. Ile kubwa ni ya ukuta. Ibandike karibu na dirisha, inataka mwanga.

Wako,
Lynette

*

Rosettenville
21 Novemba 2011

(Denise anaipiga picha barua hii kwenye duka la intaneti na kukutumia kwa kompyuta. Stempu itachelewa.)

Lynette,

Sikusalimii leo.

Umewataja wagonjwa wote kwa majina. Hilario, Rosa, hata mtoto Lupita. Lakini yule wa yai lenye uzi mwekundu umemwita "mwanamke mmoja". Nilisoma pale mara tatu. Mtu anayekumbuka jina la kila goti, anasahauje jina la mwanamke aliyemtisha mganga?

Ndipo nikachukua ile picha kubwa nikaipeleka dirishani kama ulivyosema. Nikavaa miwani. Nilianza juu kushoto, nikawa nawapitia mmoja mmoja kama shanga za rozari. Ilinichukua asubuhi yote, parachichi zikauzwa na Denise. Chini kulia, karibu na mkanda wa Bikira, nikakukuta.

Ni picha ya viza. Blauzi ya njano, kifungo cha pili hakipo. Ulipiga Marshalltown, kwa yule mpiga picha wa kando ya barabara, zikabaki mbili ukanipa moja. Ninayo, imechomekwa kwenye kioo changu cha kuchania nywele. Nimeziweka pamoja. Ni wewe.

Umejibandika ukutani kwa wagonjwa, halafu ukaupiga picha ukuta huo huo na kunitumia. Sijui ulisahau au ulitaka nikukute. Mpiga picha ni wewe, utajijibu.

Sasa soma na ile barua nyingine. Denise ameipiga pia. Niliiandika Septemba, nikaificha. Ukimaliza kuisoma utanichukia, ni haki yako.

Mama Denise

*

Oaxaca
24 Novemba 2011

Mama Denise,

Ulijua.

Juni ulijua. Juni lilikuwa harage. Unajua sasa ni kubwa kiasi gani? Mimi nililigundua Agosti, bafuni, wiki moja kabla ya ndege, nikajiambia ni tezi, nikajiambia ni sabuni, nikapanda ndege. Mimi nilijidanganya kwa sababu naogopa. Wewe ulinidanganya kwa sababu ya kitabu!

Nilikuja kwako nikavua blauzi kama ninavyovua mbele ya mama yangu.

Usiniandikie kwa siku kadhaa.

Lynette

*

Rosettenville
27 Novemba 2011

Lynette,

Umesema siku kadhaa. Nimengoja tatu, zinatosha.

Yote uliyosema ni kweli na sina la kupunguza. Nilinyamaza kwa woga na kwa tamaa. Ningekuwa padre ningekwenda kuungama kwa padre mwingine. Mimi nimekuja kuungama kwako.

Lakini nisikilize, maana sasa mdomo umefunguka na sitaufunga tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumeyaficha wawili, wewe huko na mimi huku, na kati yetu kitu hicho kinakula na kunenepa. Sina mafuta ya kukiondoa. Bibi yangu aliyenifundisha kukanda hakuwa nayo pia. Mkono wangu kazi yake ni kukikuta. Kukitoa ni kazi ya watu wa kisu.

Najua unachoogopa. Mama yako alikwenda akiwa amechelewa, na hukuwa na wa kukuambia hilo kwa sababu ulikuwa mtoto. Hospitali haikumuua, mwanangu. Ilimpokea siku ya mwisho, basi.

Nitakuambia nilichofanya jana. Bi Fernanda, mmoja wa wale mabibi wa Kireno, alinisimulia kwamba kwao mtu mgonjwa hupeleka kwa Bikira kiungo cha nta. Mimi vibati sina. Nikayeyusha mishumaa miwili jikoni, nikafinyanga titi la kushoto kwa mikono hii hii, nikalipeleka kanisani ndani ya taulo. Nikaliweka miguuni pa Bikira, nyuma ya maua, padre asione. Bi Fernanda aliliona. Akafanya ishara ya msalaba, akayasogeza maua yalifunike vizuri.

Nimemwambia Bikira: nipe binti huyu arudi, na wakiniita mchawi Johannesburg nzima sitakimbia.

Basi niite mchawi. Niite mwongo, niite mwizi wa kitabu, maneno yote unayo. Ila uniite hayo ukiwa hapa Rosettenville, ndani ya foleni ya hospitali, nimekushikia mkoba. Panda ndege.

Mama Denise

*

Oaxaca
2 Desemba 2011

Mama Denise,

Natua Jumanne saa nne asubuhi.

Kuna jambo sikukuandikia. Siku ile ya yai, Doña Eulalia hakuniacha niende kulala hivi hivi. Alilimwaga lile yai, akanishika kidevu na kusema, "Binti, yai linaondoa hofu. Uvimbe haliondoi. Nenda kwa daktari." Nikampiga picha akisema hayo. Ninayo, mdomo wazi, kidole juu. Nilijificha nyuma ya kamera ili nisiyasikie. Wewe na yeye mmenizingira kutoka mabara mawili.

Jana nilikwenda kuaga ukuta. Nilitaka kuichomoa picha yangu, Doña akanipiga kofi mkononi. Haichomolewi. Aliyejibandika anarudi mwenyewe.

Bado nimekukasirikia. Njoo uwanja wa ndege hata hivyo. Naogopa sana, Mama.

Lynette

*

Doornfontein, Johannesburg
6 Mei 2013

Mpendwa Mama Denise,

Ningeweza kukupigia simu, ni kituo kimoja cha teksi tu kati yetu, lakini mambo yetu makubwa tumeyasemea kwenye karatasi, na Denise yupo chuoni hapa mtaa wa pili, anasema yuko sharp, yaani tayari, kuwa tarishi.

Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi, kwenye ile karakana ya zamani ya mshona viatu. Picha arobaini na moja. Yai lipo, goti la Don Hilario lipo, vibati vipo, ukuta upo na mimi chini kulia, atakayetaka kunitafuta anitafute. Kitabu bado, lakini mikono yako ndiyo inayofungua mlango, kama nilivyoahidi.

Daktari hasemi nimepona. Anasema, "Tuonane Agosti." Nimejifunza kulipenda neno Agosti.

Nataka nikuambie kuhusu picha ya mwisho kabla hujaiona mbele za watu ukaona haya. Unakumbuka Januari ya mwaka jana, siku ya pili baada ya kisu, nilipokuomba uchukue kamera? Ulikataa. Ukasema kamera ni kazi ya wasomi. Nikakuambia nimepiga wagonjwa wa watu mwaka mzima, sasa zamu yangu, na sitaki anipige mtu mwingine. Ukaishika kama unashika bakuli la moto, ukafumba macho, ukabonyeza. Mara moja tu.

Nimeichapisha kubwa kuliko zote. Nimeketi kitandani, bendeji kifuani, kanga yako begani. Kichwa changu hakipo. Umekikata shingoni, Mama, umelipiza kisasi chako! Na upande wa kushoto, theluthi nzima ya picha, kuna kitu kikubwa cheusi kisichoonekana vizuri. Denise alipoiona alisema, "Eish, Ma, your finger!"

Aliyenisaidia kupanga maonyesho aliniambia niikate pembeni, kidole kitoke. Nikakataa. Ni kidole kilichokikuta kile kitu kabla ya mtu yeyote, kikanyamaza, halafu kikaandika. Siwezi kusimulia habari hii nikakiacha nje.

Nakala nimemtumia Doña Eulalia aibandike kando ya ile ya blauzi ya njano, mpaka nitakapoweza kwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Amejibu kwa mstari mmoja: anauliza mwenye kidole ni nani, na je, anauza nini sokoni?

Suka nywele. Safari hii nitakupiga kichwa.

Wako,
Lynette

*

Rosettenville
14 Mei 2013

Lynette mwanangu,

Denise akuletee hii leo leo.

Jumamosi sikusema kitu kwa sababu ningelia, na nilikuwa nimepakwa rangi ya macho. Watu walipiga makofi mbele ya mikono yangu. Mikono yenyewe nilikuwa nimeificha ndani ya koti.

Sijui kama ulimwona mwanamke mwenye kilemba cha kijani aliyesimama peke yake mbele ya picha ya kidole. Mimi nilimwona nikajificha nyuma ya nguzo. Alikuwa Célestine. Denise anasema alisoma yale maelezo yako chini ya picha, ya mkono uliokuta ukanyamaza, mpaka mwisho, akarudia, akaondoka bila kunywa hata juisi. Nilijiambia, basi, Jumapili atasimama tena kwenye ngazi.

Jana jioni alibisha mlango. Miaka mitano, Lynette. Hakuomba msamaha, na mimi sikumkaribisha kiti. Tulitazamana kama kuku wawili. Halafu akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja, akasema kwa Kirundi chetu, "Nishike hapa. Na uniambie."

Nilinawa mikono. Nikaipasha joto kwa mafuta. Nikamshika.

Kipo. Kidogo kuliko chako, na huenda si kitu, lakini hakikimbii kidole. Nilimwambia palepale, kabla hata sijaondoa mkono. Nikangoja aseme lile neno, mchawi. Akauliza, "Hospitali wanafungua saa ngapi?"

Kesho saa kumi na moja alfajiri tunapanga foleni, yeye na mimi. Anaogopa mpaka meno yanagongana. Nimemwambia kuna binti yangu mmoja anayeijua foleni hiyo, na madirisha yake, na nesi yupi ana huruma.

Njoo. Lete chai ya tangawizi kwenye thermosi. Kamera iache nyumbani.

Mama Denise